Kabla Hujakiita Silaha: Jinsi ya Kukitambua Kifaa Kikuukuu cha Kijapani

Umekipata. Muuzaji wa gulio la hekalu la Tō-ji, kule Kyoto, lile linalofurika watu kila tarehe 21 ya mwezi, amekiviringisha kwenye gazeti na kukukabidhi kwa mikono miwili. Ni chuma chenye mpini wa mti, kimeshika kutu, kimepinda mahali usipotarajia, na sasa kimelala mezani kwako. Shemeji amepita, amekitazama nusu dakika, ametoa hukumu: hii ni silaha ya ninja.

Mpe shemeji chai, umwombe akae, kisha mfuate mwongozo huu pamoja.

Sharti la kwanza ni kumwondoa ninja mezani. Kuanzia 1603 hadi 1868, enzi za Edo, Japani ilikaa zaidi ya miaka mia mbili bila vita kubwa. Katika miaka hiyo yote maseremala, wapiga lipu, wafuma mikeka, washona kimono, wauza samaki na wakulima wa mpunga waliamka kila alfajiri wakaenda kazini, na hao ndio waliokichosha chuma chako. Mwaka 1943 wachunguzi wa mambo ya kazi walihesabu zana za maseremala wa nyumba jijini Tokyo, wakakuta kwamba seti kamili ya fundi mmoja ni zana 179. Huyo ni seremala peke yake. Mpiga lipu naye ana miko ya kila umbo: wa kona ya ndani, wa kona ya nje, wa ukingo wa dirisha, mwingine mdogo kama jani la mchai kwa sehemu ambazo kidole hakipiti. Ukiokota kifaa usichokijua, karibu kila mara umeokota riziki ya mtu. Anza hapo, na nusu ya makosa utakuwa umeyakwepa.

Sharti la pili: weka chini hiyo brashi ya waya. Najua mkono unawasha. Usisugue, usipige msasa, usichovye kwenye siki, na vanishi ifungie kabatini kabisa. Kinachokuudhi machoni ndicho ushahidi. Mahali palipochafuka kwa jasho hadi pakawa peusi na laini ndipo kiganja kilipokaa miaka na miaka. Mahali penye kibonde kidogo upande mmoja tu wa mpini ndipo kidole gumba kilipoegemea, na kibonde hicho kitakuambia kama mwenyewe alitumia mkono wa kulia au wa kushoto. Sehemu isiyo na kutu kabisa iligusana na kitu mara kwa mara: mti, kitambaa, nyasi, au jiwe la kunolea. Ukishasugua, umemfukuza shahidi kabla hajafungua mdomo.

Chukua mfano wa patasi. Tazama kichwa cha mpini. Ukikuta pete ya chuma imevishwa juu, na nyuzi za mti zimefumuka na kuilalia pete hiyo pande zote, basi patasi hii ilipigwa nyundo, tena nyundo ya chuma. Pete ipo ili mpini usipasuke. Ukikuta mpini mrefu, mwembamba, usio na pete, na kichwa chake kimeng'aa bila jeraha, hii ni patasi ya kusukuma kwa mikono tu, ya kusawazisha kiungo kilichokwisha kuchongwa. Ole wake atakayeipiga nyundo. Na nyundo yenyewe, ile wanayoiita genno, ina nyuso mbili zinazofanana hadi uzilaze kwenye mwanga: uso mmoja ni bapa, mwingine umebinuka kidogo sana. Ule bapa hupiga patasi na misumari. Uliobinuka humalizia pigo la mwisho la msumari, usije ukaacha alama ya ukingo kwenye mbao. Pia hutumika kuuponda ulimi wa kiungo kidogo ili uingie kwa urahisi, halafu uvimbe na kubana. Hayo yote yanasomeka kwenye kipande cha chuma kinachoenea kiganjani, mradi mtu hajakipitisha kwenye mashine ya kung'arisha.

Sharti la tatu: acha kusukuma, vuta. Hapa ndipo wengi wetu tunapopotea, kwa sababu misumeno na randa za dukani kwetu zimetufundisha kusukuma. Seremala wa Japani huvuta. Meno ya msumeno wake yameelekea mpini. Kwa kuwa chuma hukaza kinapovutwa na hujikunja kinaposukumwa, bapa la msumeno huo laweza kuwa jembamba sana na likabaki limenyooka. Randa yake ni gogo la mwaloni lisilo na kishikio chochote, na bado watu huhangaika kuutafuta mpini uliopotea. Haukupotea, haukuwahi kuwepo. Mikono hulishika gogo lenyewe, fundi hurudi nyuma kwa mwili mzima, na randa humfuata.

Basi kabla ya kusema lolote, elekeza makali kwako, si mbele. Kifaa ambacho hakikuwa na maana kikisukumwa mara nyingi hupata akili kikivutwa. Kuna msumeno mmoja mfupi, makali yake yamebinuka kama tumbo la mashua na meno yako pande zote mbili. Watu huudhania kisu cha jikoni kilichoharibika. Uweke katikati ya ubao, mbali na ukingo wowote, uvute kidogo kidogo: tumbo hilo huuma mti na kuanza mkato pale ambapo msumeno ulionyooka usingepata pa kuingilia.

Sharti la nne ndilo nilipendalo kuliko yote, na ndilo linalorukwa kuliko yote: kaa chini. Sakafuni kabisa, magoti yamekunjwa. Sehemu kubwa ya kazi za mikono za Japani ilifanywa na watu waliokaa sakafuni, wakitumia mguu, paja na wakati mwingine unyayo kama jiliwa. Kifaa kilichotengenezwa kwa mtu huyo hakiwezi kueleweka juu ya meza.

Kuna kitu kiitwacho kukedai. Ni ubao mwembamba mrefu, na kwenye ncha yake moja umesimama mguu wa mti. Juu ya mguu kuna kijito kidogo cha kuchomekea pini, na pembeni inaning'inia kamba yenye kibanio cha chuma. Mingine hukunjwa ikawa kama fimbo. Ukiusimamisha mezani unayumba. Ukiutundika ukutani, kijito kinakuwa cha pambo na kibanio hakijulikani kimekuja kubana nini. Sasa uweke sakafuni, uukalie ule ubao kwa paja. Mguu unasimama wima karibu na goti lako, na hautikisiki tena maana uzito wako ndio msingi wake. Bana pindo la kitambaa kwa kile kibanio, mkono wa kushoto uvute kitambaa hadi kikaze kama ngoma, na mkono wa kulia upitishe sindano. Mshona kimono alipata mkono wa tatu usiochoka, na pini ziko karibu na mkono wake. Wote tunajua jinsi mgeni anavyohangaika na mbuzi ya nazi aliyoikuta stoo: ataigeuza mpaka jioni, mpaka atokee mtu wa kuikalia.

Ukiwa bado hapo sakafuni, geuza kifaa chako uone tumbo lake. Nitakupa kisa cha sufuria ndogo ya shaba yenye mpini mrefu, maana hii hudanganya wapishi kila mwaka. Ina umbo la kikaangio, uzito wa kikaangio, hata ukubwa wa yai moja. Lakini kikaangio huwa cheusi chini, kwa kuwa moto uko chini. Hiki ndani kina alama za moto, na chini kimelainika kama kioo. Moto ulikaa ndani. Ni hinoshi, pasi ya mkaa, na ule upande laini ndio uliopita juu ya vitambaa. Wajapani waliitumia kwa karne nyingi kabla ya kuletewa pasi za Ulaya.

Njia hiyohiyo itakuokoa na kitu kingine ambacho wavuta tumbaku hukigombania: kijiti cha shaba chenye kikopo mwishoni. Inua kifuniko cha kikopo. Kiko cha kuvutia hakihitaji kifuniko chenye bawaba. Tafuta tundu la mdomo upande wa pili, hakuna, pamezibwa. Ndani ya kikopo utakuta mabaki meusi ya pamba, na ndani ya kijiti kuna nafasi ya brashi nyembamba. Ni yatate, chombo cha kalamu na wino cha msafiri, kilichochomekwa kwenye mshipi wa kiunoni. Matsuo Bashō alipoondoka Edo mwaka 1689 kwa ile safari yake maarufu ya kaskazini, chombo cha namna hii ndicho alichokitoa kuandika shairi la kuagana.

Na ukikuta randa imegeuzwa, makali yanatazama juu, imewekwa juu ya kisanduku chenye droo, usiipeleke kwa seremala. Ni ya jikoni. Hapo husuguliwa katsuobushi, samaki wa jamii ya jodari aliyechemshwa, akafukizwa moshi na kukaushwa hadi akawa mgumu kama gogo. Vipande vyembamba huanguka ndani ya droo, navyo huenda kwenye mchuzi. Fungua droo unuse. Harufu hiyo haitoki haraka.

Kisha pima, na usipime kwa sentimita peke yake. Kipimo cha kale cha Japani ni shaku, ambacho sheria ya 1891 ilikifunga kwenye mita: shaku moja ni 10/33 ya mita, yaani sentimita 30.3. Sehemu yake ya kumi ni sun, sentimita 3.03, na sehemu ya kumi ya sun ni bu, milimita tatu na ushei. Patasi yenye upana wa milimita 9 ni ya bu 3. Ya milimita 24 ni ya bu 8. Ukipata vipimo vinavyoangukia humo, uko nyumbani. Rula ya mianzi yenye urefu wa sentimita 37.9 hivi haikukosewa: washonaji walikuwa na shaku yao, ndefu kwa robo, na rula hiyo haijawahi kupima mbao. Serikali ilipolazimisha mita, kuanzia 1959, rula hizi ziligeuka bidhaa haramu kwa watengenezaji na wauzaji. Katika miaka ya 1970 mtangazaji Ei Rokusuke alisimama hadharani kuwatetea mafundi waliokuwa wakizitafuta kwa siri, na mlango ukafunguliwa tena. Namheshimu kwa hilo. Kumnyima fundi rula ni kumnyima mkono.

Kama kifaa chako ni skwea nyembamba ya chuma, ile sashigane, nakuomba ukae nayo muda mrefu zaidi, maana hiki ni kimojawapo cha vitu vyenye akili kuliko vyote vilivyopata kubebwa kiunoni. Mbele ina alama za kawaida. Igeuze: nyuma kuna alama nyingine zilizoachana zaidi, na mtu asiyejua atasema kiwanda kilikosea. Hazikukosewa. Kila alama ya nyuma imerefushwa kwa kipeuo cha pili cha 2, yaani mara 1.414. Lipitishe upande huo juu ya kipenyo cha gogo la mviringo, na namba utakayoisoma ni ubavu wa nguzo ya mraba kubwa kuliko zote inayoweza kutoka humo. Gogo la kipenyo cha sentimita 30 litakusomea sun 7, na ukikata utapata nguzo ya sentimita 21 na kitu kila upande. Hakuna kuzidisha, hakuna karatasi. Skwea nyingi zina pia alama za tatu, zilizobanwa kwa kipimo cha duara: ukipima kipenyo, unasoma mzingo. Seremala ambaye hakukaa darasani hata siku moja alitembea na hesabu hiyo mkononi, juu ya paa, kwenye upepo.

Tazama makali nayo. Kwenye mlalo wa makali ya patasi au randa ya Kijapani utaona mstari hafifu: chini pembamba, rangi ya kijivu kilichong'aa, ni chuma cha pua kigumu, juu ni chuma laini kilichofuliwa pamoja nacho. Kigumu hukata, laini hubeba na kurahisisha kunoa. Geuza upande wa pili, utakuta umechimbwa kibonde kifupi kama kijiko, ili jiwe la kunolea liguse kingo tu. Mambo hayo mawili yakiwepo, umeshika zana ya kukatia iliyofuliwa na mtu aliyejua kazi. Mafundi wa namna hiyo waliongezeka baada ya 1876, serikali ya Meiji ilipopiga marufuku watu kutembea na panga za vita viunoni. Wafua panga wengi walikosa wateja, wakageukia patasi na randa. Chiyozuru Korehide (1874–1957), ambaye makali yake leo hununuliwa kwa bei ya kazi ya sanaa, alitoka katika ukoo wa wafua panga.

Maandishi yaliyogongwa kwenye chuma yaache ya mwisho. Huwa jina la mfuaji, au alama ya duka, au maneno ya sifa tu kuhusu ubora wa chuma, na yatakuambia kilikotoka, si kazi yake. Chapa iliyochomwa kwenye mpini ina faida zaidi, kwa kuwa mara nyingi ni alama ya nyumba ya mwenye zana, ili isipotee kazini kwenye watu wengi.

Shemeji anaweza kukata rufaa hapa: je, kikiwa na umbo la mkuki? Swali zuri, na lina jibu zuri. Kabla randa ya gogo haijaenea Japani, kuanzia karne ya 15 hivi, mbao zililainishwa kwa yariganna: jani la chuma lenye makali pande zote mbili, lililobinuka kidogo kwenye ncha, kwenye mti mrefu. Kweli linafanana na mkuki. Lakini mkuki umenyooka ili uchome, na hili limebinuka ili liambae juu ya mti na kuacha mawimbi madogo yanayoonekana hadi leo kwenye nguzo za kale. Kifaa hicho kilikuwa kimesahaulika mikononi mwa maseremala, mpaka Nishioka Tsunekazu (1908–1995), seremala wa mahekalu ya Hōryū-ji na Yakushi-ji, alipozisoma alama za nguzo za Hōryū-ji na kukifufua ili ajenge upya kama walivyojenga wa kale. Alikitambua kwa maandishi kiliyoyaacha juu ya mti. Ukitaka mwalimu wa fani hii, ni huyo.

Na ndoana nzito ya chuma, yenye mdomo kama wa mwewe kwenye mpini imara? Hiyo ni ya kubomolea. Edo ilikuwa jiji la mbao na karatasi, na moto ulipowaka, kuuzima kwa maji lilikuwa jambo la matumaini zaidi kuliko la nguvu. Vikosi vya zimamoto vya mitaa, vilivyopangwa kwa herufi mwaka 1720, vilizivuta chini nyumba zilizokuwa upande ambao upepo unaelekea, ili moto ukose chakula. Ndoana za namna hiyo hutumiwa pia na wavuta magogo, na binamu zake wako kwenye masoko ya samaki hadi leo, wanavuta jodari walioganda.

Kuna vifaa ambavyo matumizi yake hayatoshi kusemwa kwa sentensi moja. Bomba fupi la chuma au mwanzi, ncha imekatwa mshazari, ni la kuchoma gunia la majani ya mpunga na kutoa punje chache za kukagua; mkaguzi alichoma, akamimina kiganjani, akaamua bei ya jasho la msimu mzima. Na chanuo kubwa la meno ya chuma kwenye miguu ya mbao, senba-koki, lililotokea mwishoni mwa karne ya 17, ni la kupukuchulia mpunga: unavuta mashuke kati ya meno, punje zinadondoka. Kabla yake punje zilibanwa na kuvutwa kwa vijiti viwili vya mwanzi, kazi ya polepole iliyowapa wajane kibarua cha msimu wa mavuno. Chanuo lilifanya kazi hiyo kwa kasi kubwa, na wanakijiji wakalibandika jina la mwangusha wajane. Anayeandika kwenye kadi ya makumbusho "kifaa cha kupukuchulia" amesema kweli, lakini amemwacha mjane nje ya mlango.

Ikiwa masharti yote yamekushinda, tafuta mtu. Jumba la makumbusho la zana za useremala la Takenaka, lililofunguliwa Kobe mwaka 1984, limekusanya zana kwa makumi ya maelfu, na miji ya Miki na Sanjō bado ina wafuaji wanaoishi kwa kazi hii. Piga picha pande zote mbili, kichwa cha mpini, makali kwa karibu, na rula pembeni. Ukibahatika kumpata fundi mzee ana kwa ana, msalimu, kaa, usimuulize jina la kifaa. Mkabidhi kwa mikono miwili ukitanguliza mpini, kisha tazama vidole vyake vinakwenda wapi na makali anayaelekeza kwa nani. Akikurudishia, muulize nani kwao aliifanya kazi hiyo, alilipwa vipi, na nani aliifanya mwisho. Andika majibu yake kwenye karatasi, uifunge kwa uzi kwenye mpini, na kutu yenyewe ipake mafuta ya kamelia usiku huohuo.